Mantua: gauni lenye jina la mji

Kwa Mwitaliano, Mantua (wenyewe husema Mantova) ni mji wa kaskazini uliokumbatiwa na maziwa ya mto Mincio, uliotawaliwa na ukoo wa Gonzaga tangu 1328 hadi mwanzoni mwa karne ya 18. Kwetu tunaochunguza mavazi ya kale, ni gauni la kike lililoanza kuvaliwa Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 17.

Je, gauni lilitoka mjini humo? Mimi niko na wanaosema hapana. Wafaransa waliliita manteau, yaani joho. Lilipofika Uingereza, matamshi yakaegemea jina la mji ambao watu walikuwa wakilijua tayari, tena wa nchi iliyosifika kwa hariri.

Ila kinachonivutia zaidi ni mkato wake. Kabla yake, gauni rasmi lilikuwa na kiwiliwili kigumu chenye vijiti ndani, kazi ya mafundi wanaume. Mantua ilikatwa karibu kama kanzu: pande ndefu zinazoshuka moja kwa moja kutoka begani hadi chini, bila kukatwa kiunoni. Umbo lilipatikana kwa marinda yaliyopangwa mwilini mwa mteja, juu ya koseti (vazi la ndani la kubana kiwiliwili), kisha yakashikwa kwa mishono mirefu iliyo rahisi kufumua. Hariri ilikuwa ghali kuliko ufundi, kwa hiyo fundi mzuri aliogopa mkasi. Mitindo ikibadilika, gauni linafumuliwa na kushonwa upya.

Kazi hiyo wanawake waliiweza vizuri mno. Mwaka 1675 Mfalme Louis XIV aliwapa washonaji wanawake wa Paris chama chao cha ufundi, ingawa kiwiliwili kigumu cha mavazi ya ikulu kilibaki mikononi mwa wanaume. Uingereza mshonaji wa kike akaitwa mtengeneza mantua, na jina hilo likadumu hadi karne ya 19, gauni lenyewe likiwa limeshaachwa.

Karne ya 18 lilibaki vazi la ikulu, sketi ikitanuliwa pembeni. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina moja la miaka ya 1740 lililotariziwa kwa nyuzi za fedha zenye uzito unaokaribia kilo 4.5. Chunguza mkia wa mantua: ulikunjwa na kuinuliwa nyuma, kwa hiyo fundi aligeuza baadhi ya vipande vya kitambaa makusudi, ili ukishakunjwa upande mzuri ndio uonekane.