Kwa nini koo nyingi za Waroma zina majina ya kazi?

Muulize Mroma wa Ulaya Mashariki yeye ni wa akina nani, na huenda akakutajia kazi. (Waroma hawa si Warumi wa kale, wala si lazima wawe raia wa Romania, asili yao ni kaskazini mwa India.) Kalderash ni wafua shaba, Lovari wachuuzi wa farasi, Ursari wachezesha dubu, Lingurari wachonga miiko, Lautari wapiga muziki wa harusini.

Wengi hudhani mgawanyo huu ulitoka India moja kwa moja, kama matabaka ya Wahindu. Lakini majina yenyewe ni ya Kiromania, na Lovari ni la Kihungari. Yamezaliwa Ulaya, mengine utumwani. Katika Wallachia na Moldavia, tawala mbili za zamani katika eneo la Romania ya leo na jirani zake, Waroma walimilikiwa kama watumwa tangu karne ya 14 hadi 1855 na 1856. Wengi waliokuwa mali ya makabaila na monasteri walifungwa hapo hapo. Wa mtawala waliachwa wazunguke na ufundi wao, mradi walipe kodi kila mwaka, na serikali iliwapanga kwa kazi: wachekecha dhahabu ya mitoni kundi lao, wachezesha dubu lao.

Na kuzunguka kwenyewe kulikuwa na hesabu yake. Sufuria ya shaba lazima ipakwe bati ndani, la sivyo vyakula vikali kama siki huila shaba na mlaji akadhurika. Fundi wa Kalderash huisugua hadi itakate, huipasha moto, hutia bati, na likiyeyuka tu hulisambaza upesi kwa kitambaa kabla halijaganda. Akishamaliza sufuria za kijiji kizima, hana mteja hapo mpaka bati lichakae tena. Afanye nini zaidi ya kufunga mizigo? Watoto walijifunzia kwa baba zao, ndoa nyingi zikafungwa ndani ya kundi, na kazi ikawa ukoo.

Kisha zikaja sufuria za alumini. Farasi nao wakaachia magari, na leo kuna Lovari wengi wasiowahi kuuza hata punda. Kalderash wa kijiji cha Brateiu, katika eneo la Transylvania nchini Romania, bado wanagonga shaba. Miongoni mwa wanavyouza ni mitambo ya kukenekea țuică, gongo la plamu ambalo Waromania hawajaliacha.