Kushusha volti hakupoozi regyuleta

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Kaja hapa Langoni na kisanduku cha kutolea umeme alichokiunda mwenyewe, kazi safi kwa macho, kifuniko kimepakwa rangi. "Fundi, hizi regyuleta zenu ni feki. Nimeishusha mpaka volti 3, naendeshea feni ndogo tu, na bado inakata na kurudi. Ningekuwa nimeipandisha, sawa."

Nikafungua. Transfoma ya volti 18, dayodi nne za kunyoosha umeme, kapasita ya kuutuliza, na LM317, ndiyo regyuleta yenyewe ya kushikilia volti unazozitaka, imesimama uchi, haina hata kipande cha bati la kuipoza mgongoni.

Mwanangu, nani aliyewaambia kwamba kushusha volti ni kuipumzisha regyuleta? Hii si jiko la mafuta ukashusha utambi. LM317 haina pa kuziweka volti usizozitaka. Inazigeuza joto, papo hapo, ndani ya mwili wake. Volti 18 za transfoma, baada ya dayodi na kapasita, ni kama 24, maana kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi. Feni inataka 3, na inavuta nusu ampea. Zinabaki 21. Zidisha kwa 0.5: wati 10.5 za joto, ilhali feni yenyewe inatumia wati 1.5. Kijana anapepewa, regyuleta inatokota. Mzigo wa nusu ampea hiyohiyo kwenye volti 12 ungeipa wati 6 tu. Kwa hiyo ndiyo, angeipandisha ingepoa, lakini si kwa sababu aliyokuwa nayo yeye kichwani.

Na feki siyo. Inajizima joto likizidi, ikipoa inarudi. Ndiyo huko kukatakata. Ile ampea 1.5 mnayoambiwa ni ya regyuleta iliyofungwa kwenye bati la kutosha, si hii inayoning'inia kwenye waya.

Mimi nawaambia wote jambo moja na hawanisikii: nunua transfoma ya 9-0-9, yaani yenye nusu mbili za volti 9 kila moja, weka swichi. Kwa volti ndogo tumia nusu yake. Kapasita itakuwa na kama volti 11, na feni ileile itaipa regyuleta karibu wati 4. Kisha ifunge kwenye alumini nene ya amplifaya mbovu, na katikati weka karatasi ya maika, inayozuia umeme lakini inapitisha joto, na mafuta ya kupitishia joto. Maika usiiache, maana mgongo wa LM317 umeungana na mguu wa kutolea umeme. Ukiikaza moja kwa moja kwenye sanduku la chuma, sanduku zima linakuwa na volti zako.

Mwingine anakwambia transfoma ya volti 12 inatoa volti 12, basi kapasita ya volti 16 inatosha. Baada ya dayodi ni karibu 15.6, na bila mzigo transfoma ndogo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa. Kapasita inavimba kichwa, kisha analaumu umeme. Weka ya 25.

"Poti yangu, kile kirungu cha kurekebishia volti, haifiki sufuri, imekufa." Haijafa. LM317 ya kawaida inaishia volti 1.25.

Kuna wanaoogopa kuchomeka redio ndogo kwenye umeme wa ampea 3, eti zitaiunguza. Redio huvuta inazozitaka. Volti ndizo za kuziangalia, na pima kwa mita kabla ya kuchomeka.

Halafu wale wa karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, kwa kuwa "regyuleta ina kinga yake." Inayo, lakini iko mwisho wa njia. Dayodi ikishoti, au kapasita, regyuleta haina habari. Transfoma ndiyo inayoungua, nawe umelala. Fyuzi inakaa upande wa volti 240, kabla ya transfoma. Kwa kisanduku cha wati 30 nusu ampea inatosha, ile ya kuchelewa kukatika, kwa sababu transfoma huvuta kwa nguvu inapowashwa.

Fyuzi yake kijana nimemwekea. Bati kasema atalitafuta mwenyewe.