Kidhibiti ukuaji ni nini, na kwa nini mkulima wa matufaha azuie mti wake usirefuke?

Katika maduka ya pembejeo, kopo ambalo si mbolea wala dawa ya wadudu mara nyingi huitwa busta, na mnunuzi huondoka akiamini mmea wake sasa utakimbia. Vidhibiti ukuaji hutiwa kapu hilohilo, na jina hilo huvipotosha. Kidhibiti ukuaji ni kemikali inayoiga homoni ya mmea, au inayozuia homoni isitengenezwe. Hakiulishi mmea chochote. Kinaupa agizo: refuka, tulia, angusha tunda, shikilia tunda. Kwenye mashamba ya matufaha yaliyopandwa kwa kubanana, agizo la "tulia" lina kazi kubwa. (Wa pwani mnisamehe, nasema epo la nchi za baridi, si tofaa la Unguja.)

Huko New York na Washington nchini Marekani, au kaskazini mwa Italia, mitufaha hubebeshwa juu ya mashina yanayoidumaza, kama M9, lililopewa jina hilo na kituo cha utafiti cha East Malling, Uingereza. Mti na mti huachana kama mita 1, mstari na mstari mita 3 na kitu, yote ikishikiliwa na nyaya. Hekta moja hubeba miti ipatayo 3,000. Mambo huenda vizuri hadi mwaka ambao baridi inaua maua. Mti usio na matunda ya kulea hupeleka nguvu zote kwenye matawi, matawi yanaingiliana na jirani, mwanga haupenyi, tunda la kivulini halipati rangi, na macho ya matawi ya kivulini hayatoi maua ya kutosha mwaka unaofuata. Ukiupogoa kwa hasira, unachipua zaidi.

Hapo ndipo hutumika proheksadioni-kalsiamu. Hii huzuia utengenezaji wa jiberelini, homoni ya kurefusha, ileile ambayo Eiichi Kurosawa wa Japani aliikuta njiani mwaka 1926 alipochunguza miche ya mpunga iliyorefuka kupita kiasi kwa sababu ya kuvu. Hupulizwa mapema, chipukizi zikiwa na sentimita 3 hadi 8 hivi. Tawi likisharefuka, halirudi. Baada ya wiki chache nguvu yake huisha, kwa hiyo hurudiwa. Maji yenye chokaa nyingi huidhoofisha, ndiyo maana tangi hutiwa pia salfeti ya amonia, mbolea wengi wetu tunayoiita SA.

Ila kinachonishangaza zaidi ni NAA, ambayo ni oksini (homoni nyingine ya mmea) ya kutengenezwa. Matunda machanga yakifika kipenyo cha milimita 10 hivi, NAA huangusha sehemu yake ili yanayobaki yanenepe. Wiki chache kabla ya mavuno, kemikali ileile huzuia matunda yasidondoke. Kilichobadilika ni umri wa tunda. Na kiasi chake ni kidogo mno: gramu 10 za NAA halisi katika lita 1,000 za maji zinatosha kupunguza matunda. Mpulizaji aliyezoea kukadiria kwa kifuniko cha chupa hapa ataharibu msimu.

Kupunguza matunda kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Mbegu zilizomo ndani ya tunda hutoa jiberelini, na jiberelini hiyo huzuia macho ya jirani yasijiandae kuwa maua. Mti uliojaa kupindukia mwaka huu hupumzika mwakani. Ndiyo maana kazi ya kupunguza hufanywa mapema, kabla macho hayo hayajaamua.

Hali ya hewa nayo ina sauti. Siku za mawingu na usiku wa joto huuacha mti na upungufu wa sukari, nao huachia matunda kwa urahisi. Ukipuliza NAA siku hizo unaweza kuvua mti mzima. Alan Lakso wa Chuo Kikuu cha Cornell alitengeneza hesabu ya kukadiria akiba hiyo ya sukari kutokana na jua na joto, na baadhi ya wakulima wa New York huitazama pamoja na utabiri wa siku zijazo, kabla hata ya kujaza tangi maji.