Je, wajua kwa nini seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kugawa mafaili, iliyoko sebuleni Uyole, Mbeya, haionekani kutoka Iringa?

Kwa karibu wiki nzima jibu langu lilikuwa neno moja: fayawoli, kichujio cha kinachoingia na kutoka mtandaoni. Nilikuwa nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba pale Mwanjelwa, nikaiwekea Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na diski mbili, nikaiegesha nyuma ya kochi ikiwa imebeba picha za familia kuanzia harusi ya wazazi. Ndani ya nyumba kila simu ilizifungua. Dada yangu aliyeko Kihesa, Iringa, alibofya anwani niliyomtumia akaona kiduara kikizunguka hadi kikachoka. "Mdogo wangu, bado," ndiyo ripoti niliyokuwa napata kila jioni.

Kitu kinapokwama kati ya nyumba na intaneti, wa kwanza kushukiwa ni fayawoli. Jina lenyewe linamtia hatiani. Wengi huiita ukuta wa moto, na ukisikia hivyo unaona ukuta unaowaka, wa kumuunguza mwizi akiugusa. Jina hilo lilitoka kwa mafundi ujenzi, na kwao ni ukuta mnene unaosimamishwa kati ya nyumba na nyumba ili moto wa jirani usivuke. Ukuta wa kuzuia moto, basi, na ukuta wa namna hiyo haumjui jirani wala nia yake. Mimi nilikuwa nimeupa akili ya askari. Niliamini fayawoli inawatambua wabaya, na kwamba kwa sababu fulani ilikuwa imemweka dada yangu kwenye orodha yao.

Kwa hiyo nilianza kufungua milango. Ruta yangu, kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti, ni ndogo, niliyoifutia programu yake ya kiwandani nikaiwekea OpenWrt, mradi huria wa programu za ruta uliozaliwa mwaka 2004 baada ya programu ya ruta za Linksys WRT54G kuwekwa wazi. Nilifungua mlango namba 443, unaotumiwa na tovuti salama, uelekee kwenye seva. Kimya. Nikafungua na upande wa seva. Kimya. Usiku mmoja, na hili nalisema kwa aibu kidogo, nilizima fayawoli yote, nikakaa nasubiri wadukuzi wa dunia nzima waingie sebuleni. Hakuja mtu. Hata dada hakuja.

Kilichonifungua macho ni sifuri. Matoleo ya OpenWrt tangu 22.03 hutumia nftables, programu ya kusimamia sheria za fayawoli iliyoingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux mwaka 2014 ili kuchukua nafasi ya iptables, nayo ina tabia nzuri ya kihasibu: kila sheria unaweza kuipachikia kihesabu. Niliandika sheria moja isiyozuia wala kuruhusu chochote, kazi yake kuhesabu tu kila pakiti, kifurushi kidogo cha data, inayotoka nje kuja mlango 443. Nikampigia dada, akajaribu mara saba huku nimekodolea macho kioo. Kihesabu kilisoma pakiti 0, baiti 0. Fayawoli inayozuia huacha ushahidi, kwa sababu ili uitupe pakiti lazima kwanza ikufikie. Yangu haikuwa imepokea cha kutupa. Nilikuwa namhoji mlinzi wa geti kuhusu mgeni ambaye hakuwahi kufika mtaani.

Amefia wapi, basi? Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ruta, mahali nilipopita kila siku. Anwani yangu ya nje ilianza na 100.72.

Mtu aliyejifunza mambo haya kwa kuokoteza anajua familia tatu za anwani za ndani, zilizotengwa miaka ya 1990: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na 192.168 ambayo karibu kila ruta ya nyumbani inayo. Nje ya hizo, nilidhani, ni anwani ya dunia nzima. Na 100 haimo. Kumbe mwezi wa Aprili 2012 ilitengwa familia ya nne, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, anwani 4,194,304, kwa ajili ya kampuni za mtandao peke yake. Ina sura ya anwani ya nje kabisa, lakini ukitoka kwenye mtandao wa kampuni yako haikupeleki popote. Kwangu hiki ndicho kioja kikubwa kuliko vyote kwenye habari hii.

Ili kuona inavyofanya kazi, tuiache kompyuta tuende posta.

Chukua shule ya bweni yenye wanafunzi mia nne na sanduku moja la barua. Mwanafunzi hana S.L.P. yake. Akiandika barua, anaipeleka kwa karani. Karani anafuta jina la mwanafunzi, anaandika S.L.P. ya shule, na juu anaweka Kumb. Na. 40112. Kisha anafungua dispachi na kuandika mstari: 40112 ni wa Kidato cha Pili B, kitanda cha sita, amemwandikia fulani. Jibu likirudi na kumbukumbu hiyo, karani anatafuta mstari, anapeleka barua hadi kitandani. Ikija barua isiyo na kumbukumbu, au yenye namba isiyomo kwenye dispachi, inaishia kwenye kapu. Karani hajaifungua. Hajui kama ni ya tapeli au ya mjomba aliyetuma nauli. Hana pa kuipeleka.

Hiyo ndiyo NAT, tafsiri ya anwani za mtandao, kazi ambayo ruta yako inafanya sasa hivi. Simu na kompyuta za ndani ni wanafunzi, S.L.P. ni anwani ya nje, na Kumb. Na. ni namba ya mlango, ambayo wengi huiita poti na haiwezi kuvuka 65,535. Ile kazi niliyoiita "kufungua mlango" kumbe ilikuwa kumpa karani agizo la kudumu: barua yoyote yenye namba 443, hata kama hakuna aliyeiomba, ipeleke kwa seva. Agizo zuri, na karani wangu alilielewa.

Sasa ongeza ngazi moja. Shule yetu kumbe haina sanduku posta. Ile "S.L.P." inayoandika kwenye barua ni kishubaka tu ndani ya masjala ya halmashauri, na ni masjala ndiyo yenye sanduku halisi, inalochangia na shule nyingine kadhaa. Masjala nayo ina karani, naye ana dispachi yake: anafuta kishubaka cha shule, anaweka S.L.P. ya halmashauri na kumbukumbu mpya. Majibu yanarudi vizuri kwa sababu madaftari yote mawili yana mistari. Lakini barua ya dada kutoka Iringa, isiyojibu chochote, ilifika masjala ikakosa mstari, ikaingia kapuni. Mimi nilikuwa nimempa agizo karani wa shule. Wa masjala hanijui, hafanyi kazi kwangu, na agizo langu halikumfikia. Kwa lugha ya kazi hii huitwa CGNAT, yaani NAT ya ngazi ya kampuni, na vishubaka vyake ndivyo vile vya 100.64 na kuendelea.

Sababu ya kampuni kufanya hivyo haihitaji maelezo marefu. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ni 4,294,967,296 basi. Ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011, na AFRINIC, inayogawia Afrika, iliingia hatua yake ya mwisho ya mgao Januari 2020, ambapo ombi moja halipewi zaidi ya anwani 1,024. Kampuni yenye wateja wengi kuliko anwani inawachangisha.

Kupima kwako ni dakika mbili. Soma anwani ya nje kwenye ukurasa wa ruta, kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo. Zikilingana, sanduku ni lako. Zikitofautiana, kuna masjala. Usitegemee tarakimu za mwanzo peke yake, maana zipo kampuni zinazotumia 10 kwa kazi hiyohiyo.

Hapa kuna kosa la pili, dogo lakini sugu, nalo nalisikia hata kwa mafundi: kwamba kwa kuwa karani anatupa barua asizozijua, NAT ni fayawoli tosha. Linaeleweka linakotoka. Kwenye Linux dispachi ni moja, inaitwa conntrack, na NAT na fayawoli wote wanaisoma. Fayawoli ya kisasa inaposema "ruhusu majibu ya mazungumzo tuliyoanzisha sisi", inaangalia mistari ileile. Tofauti ni nia. Karani wa NAT hutupa kwa kukosa mahali pa kupeleka. Fayawoli hutupa kwa sababu umeiambia itupe. Siku kampuni yako ikikupa IPv6, mfumo mpya wa anwani, ambako kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake ya dunia nzima, karani wa NAT anaondoka na kapu lake, na anayebaki getini ni fayawoli tu. Kwa hiyo niliiwasha tena, na sheria yake ya msingi ni fupi: majibu yaingie, mengine yote ya nje yatupwe.

Na dada? Ukishaelewa dispachi, ufumbuzi unajileta. Masjala haipokei barua ya mgeni ila inapokea majibu, basi seva ndiyo ianze kuandika. Nilikodi seva ndogo Frankfurt yenye anwani halisi ya nje, na ile ya sebuleni ikapewa WireGuard, programu huria ya kuunganisha kompyuta mbili kwa siri, iliyoingizwa kwenye kerneli ya Linux 5.6 mwezi Machi 2020. Seva ya nyumbani inachimba handaki lililofungwa kwa ufunguo kwenda Frankfurt. Dada anabisha hodi Frankfurt, na maombi yake yanashuka Uyole yakiwa yamevaa sura ya jibu. Wapo wanaolipia anwani yao wenyewe kwenye kampuni, na inapopatikana ni njia nyepesi zaidi.

Ila dispachi haitunzi mistari milele. WireGuard hutumia UDP, njia ya kutuma pakiti ambayo haina salamu ya kuagana, hivyo karani hawezi kujua mazungumzo yamekwisha. Anafuta mstari uliokaa kimya. Linux, usipoigusa, hufuta baada ya sekunde 30 kama hakuna jibu lililopita, na 120 kama mazungumzo yalikuwa ya pande mbili. Pendekezo la viwango ni isipungue dakika mbili, lakini pendekezo halimfungi mwenye mtambo. Ndiyo maana waandishi wa WireGuard hushauri kutuma pakiti tupu kila sekunde 25. Namba hiyo ni ya busara tu, imewekwa chini ya 30 ili ifae vifaa vingi, na kuna mitambo inayotaka pungufu ya hapo.

Kwa siku nzima ya ukimya hizo ni barua tupu 3,456 kutoka Uyole. Megabaiti moja haifiki, hata bando halihisi.

Watu huniuliza kuhusu baridi, kwamba Mbeya ni mahali pazuri pa kuweka mashine. Nusu ni kweli. Hewa ya Juni hapa ni ya baridi, lakini kwa kuwa tuko juu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni ikizunguka kasi ileile inasukuma uzito mdogo wa hewa. Vumbi la kiangazi na umeme wa kukatika vinanipa kazi zaidi. Umeme ukirudi, seva inawaka, inaandika barua yake ya kwanza Frankfurt, na hata kama masjala imeipa kumbukumbu mpya, upande wa pili unaisoma kwenye pakiti iliyothibitishwa kwa ufunguo na kuanza kujibu huko.

Picha ya harusi sasa inapanda karibu kilomita 7,000 hadi Ujerumani na kushuka tena hadi Kihesa, wakati barabara ya Mbeya hadi Iringa ni kilomita mia tatu na ushee. Dada alipoifungua mara ya kwanza alikaa kimya, kisha akauliza kwa nini mama amekatwa kichwa. Hilo ni kosa la mpiga picha. Kwa dada, angalau, hesabu ilikuwa imetoka kwenye sifuri.