Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia si Jumuiya ya Madola Huru

Marais wakikutana Moscow au Astana, taarifa za habari huwaita wote "jumuiya ya Urusi", kana kwamba chombo ni kimoja. Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia ni umoja wa forodha (wanachama hutoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje) na soko la pamoja la Urusi, Belarus, Kazakhstan, Armenia na Kirgizstan. Mkataba wake ulitiwa saini Astana tarehe 29 Mei 2014, ukaanza kutumika Januari 2015.

Jumuiya ya Madola Huru ni nyingine, tena kongwe. Ilizaliwa Desemba 1991 pale Yeltsin wa Urusi, Kravchuk wa Ukraine na Shushkevich wa Belarus walipokutana kwenye msitu wa Belovezha, Belarus, kuuzika Umoja wa Kisovieti. Haina ushuru wa pamoja. Ina mkataba wa biashara huru wa 2011, na hapo ndipo wengi huteleza. Kwenye biashara huru kila nchi hubaki na viwango vyake vya ushuru kwa bidhaa za nje, kwa hiyo mzigo sharti uthibitishe umetoka wapi. Lori la zabibu za Uzbekistan liendalo Urusi huanza taratibu za forodha mpakani mwa Kazakhstan, na dereva abebe cheti cha asili, fomu ST-1. Cheti kikikosekana, msamaha wa ushuru nao hakuna. Lori la Kirgizstan halidaiwi hayo. Hiyo ni kwenye karatasi tu, maana Oktoba 2017 Kazakhstan ilipokorofishana na Rais Atambayev wa Kirgizstan ilikaza ukaguzi, malori yakapanga foleni ndefu.

Kwa vibarua tofauti ni kali zaidi. Mkirgizi huajiriwa Urusi bila kibali cha kazi. Mtajiki, ambaye nchi yake imo kwenye Jumuiya tu, hukata "patenti", yaani kibali cha kazi cha kulipia: apime afya, afanye mtihani wa Kirusi, historia na sheria, apeleke maombi ndani ya siku 30 tangu aingie, kisha alipe kodi ya kila mwezi mapema. Akichelewesha malipo, patenti inakufa.

Halafu lipo lile la "Urusi inaamrisha". Baraza Kuu la viongozi wa nchi za Umoja huamua kwa maafikiano, na kura ya Armenia ni sawa na ya Urusi. Nguvu ya Urusi iko kwenye ukubwa wa soko: mgawo wa mapato ya ushuru wa 2010, kabla ya Umoja wenyewe kuanza, uliipa asilimia 87.97. Lakini ilipopiga marufuku vyakula vya Magharibi Agosti 2014, Belarus na Kazakhstan hazikufuata. Kamba wa baharini wakaanza kuingia Urusi wakitokea Belarus, nchi isiyo na bahari, na ukaguzi ukarudi barabarani.

Uzbekistan, basi, ni mwanachama wa Jumuiya, na kwenye Umoja ni mtazamaji tu tangu Desemba 2020. Anayeiandika kama mwanachama wa sita aongeze neno "mtazamaji", asije akawaahidi vibarua wa Tashkent kazi isiyodai patenti.