Sifnos kabla ya joto

Kila ikifika Januari maswali ni yale yale: Santorini mwezi wa Agosti, bei gani? Kazi yangu ni kupanga safari za visiwa vya Aegean, bahari ya Ugiriki, na jibu langu huwaudhi wengi. Acha Agosti, acha na Santorini. Nenda Sifnos, kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Mei.

Sababu ni mvua. Visiwa vya Cyclades, kundi lenye Sifnos na Santorini, hupata karibu mvua zake zote kati ya Oktoba na Machi, kisha ukame hadi vuli. Vile vilima vikavu unavyoviona kwenye picha ni vya kiangazi. Aprili, matuta yayo hayo ya mawe yamejaa nyasi, popi nyekundu na kamomili. Zaatari na seji za porini ni vichaka vifupi, vigumu, vyenye majani madogo yaliyojaa mafuta ya kunukia, ambayo ndiyo kinga yao dhidi ya mbuzi. Jua la saa nne asubuhi likiyapasha, mafuta yanapaa hewani. Ukikikanyaga kichaka kimoja njiani, kiatu kitanukia mpaka jioni.

Kwa hiyo tembea kwa miguu. Kisiwa kina njia za zamani zenye alama, jumla yake takriban kilomita 100, nyingi zimetandikwa mawe. Ile ya kutoka Apollonia kwenda Kastro ni fupi na inatosha kwa siku ya kwanza. Utasikia njuga za mbuzi kabla hujawaona, na nyuki wengi ajabu. Kuogelea ni habari nyingine: Aprili maji yako kwenye nyuzi 17 hivi, na aliyezoea Nungwi au Diani atatoka mbio.

Ila ningelazimika kutaja jambo moja tu la kuwapeleka watu kule, ningetaja vyungu. Sifnos ni kisiwa cha wafinyanzi, na mapishi yake yamefuata udongo. Jumamosi jioni dengu (chickpeas) zilizolowekwa hutiwa kwenye chungu chenye kifuniko pamoja na vitunguu, mafuta ya zeituni na jani la mlori, kisha hupelekwa kwenye tanuri la kuni na kulala humo usiku kucha. Jumapili baada ya ibada chungu hufunguliwa. Dengu zimelainika lakini hazijapondeka, mchuzi umekuwa mzito wenyewe, na limau hukamuliwa mezani. Pasaka ni zamu ya mwanakondoo: vijiti vya mzabibu hupangwa chini ya chungu, nyama huwekwa juu yake, halafu shibiti (dill) na divai nyekundu. Shibiti ni nyingi kupita kiasi, na ndivyo inavyotakiwa.

Pasaka yao ni ya Kiorthodoksi, hivyo kagua kalenda kabla ya kulipa nauli: mwaka 2027 ni Mei 2, wakati ya Wakatoliki na Waprotestanti ni Machi 28. Ijumaa Kuu jioni jeneza la Kristo lililopambwa maua huzungushwa mitaani kwa mishumaa na ubani. Jumamosi usiku wa manane taa za kanisa huzimwa, moto mmoja hutoka madhabahuni na kupita mkono kwa mkono. Mtu wa Zanzibar au Maskati atajihisi nyumbani kwa harufu ile ya ubani. Vyumba vya wiki hiyo huisha mapema, kwa kuwa Wagiriki wenyewe hurudi visiwani.

Meli ya kawaida kutoka Piraeus, bandari ya Athene, huchukua saa tano hivi, boti za kasi karibu nusu ya hapo. Kabla ya Juni safari ni chache, na upepo ukizidi bandari huzuia vyombo kuondoka, boti za kasi zikiwa za kwanza kuzuiwa. Mei Mosi mabaharia hugoma mara nyingi. Usipange ndege ya kurudi siku ile ile unayotoka kisiwani. Lala Athene usiku mmoja. Viza ya Schengen inaweza kuombwa hadi miezi sita kabla, na wa Pasaka aanze Novemba.