Kwa nini saa ya kifaa chako cha GPS inatangulia kwa sekunde 18

Tangu tuanze kampeni ya kuhakiki saa za kumbukumbu kwenye ofisi na kampuni za usafirishaji jijini Dar es Salaam, malalamiko yanayofika kaunta yetu yanafanana mno. Kifaa kipya cha GPS kimefungwa, kimewashwa, na saa yake imetangulia ile ya simu kwa sekunde 18. Mwenye kifaa anaamua kwamba kule Kariakoo kauziwa feki. Mara nyingi si feki.

Muda wa GPS ulianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980, na tangu hapo haujaongezwa wala kupunguzwa kitu. UTC, yaani muda rasmi wa kimataifa, ambayo tunaijumlishia saa 3 kupata saa ya Afrika Mashariki, inalazimika kwenda na mzunguko wa dunia, na dunia haizunguki kwa kasi ileile siku zote. Kwa hiyo tangu 1972 UTC imeongezewa sekunde 27, na 18 kati ya hizo zimeingia baada ya GPS kuanza. Ya mwisho ilitufikia usiku wa kuamkia Januari mosi 2017: dakika ya mwisho kabla ya saa 9 usiku ilikuwa na sekunde 61. Waliokuwa wanarudi kutoka mkesha hawakugundua.

Satelaiti, basi, haijakosea. Inatangaza muda wake, na kando yake inatangaza kiasi cha kutoa. Kutoa ni kazi ya kipokezi, yaani kifaa chako. Ila sehemu ya ujumbe yenye namba hiyo hurudi kila baada ya dakika 12 na nusu. Kifaa kilichowashwa sasa hivi huenda kikaonyesha muda ambao haujapunguzwa, au kikatumia namba ya zamani aliyoiacha mtengenezaji: kilichowekewa 16 kitatangulia kwa sekunde 2. Subirini. Antena ione anga kwa dakika 15, si chini ya bati wala kwenye korido ya ghorofa pale Posta. Fundi anayeingia kwenye mipangilio na kupunguza sekunde 18 kwa mkono hajatengeneza kitu. Ujumbe ukifika, kifaa kinapunguza tena, na sasa kimechelewa kwa sekunde 18. Vifaa vya namna hii ndivyo vinavyotujazia meza.

Wapo pia wanaosisitiza kwamba kipokezi huchukua saa kwenye intaneti. Hapana. Satelaiti zina saa za atomiki. Kipokezi kina saa ndogo ya kwazi, jamaa ya ile ya mkononi ya bei rahisi. Kikipata satelaiti nne, kinakokotoa mambo manne kwa pamoja: mahali kilipo kwa vipimo vitatu, na kosa la saa yake. Lazima kosa hilo lijulikane, maana ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde mwanga husafiri sentimita 30 hivi.

Mfumo wa Urusi, GLONASS, wenyewe hufuata UTC pamoja na sekunde za nyongeza. Kifaa kinachochanganya mifumo miwili kwa programu mbovu kinaweza kuyumba, na hicho tunakipokea bila ubishi.

Sasa utaratibu. Kifaa kinacholetwa kwa ugezi, yaani kupimwa usahihi wake, kije na antena yake, waya wake uleule unaotumika kazini (urefu wa waya huchelewesha mawimbi), mwongozo wa mtengenezaji na barua ya maombi yenye mhuri. Kisipokuja na antena kitarudishwa siku hiyohiyo. Kikifaulu hubandikwa stika yenye namba inayolingana na cheti. Stika ikibanduliwa, cheti kimekufa hata kama kifaa ni kizima. Mnaomba upya na mnalipa ada upya. Mipangilio ikibadilishwa baada ya ugezi, matokeo ni hayohayo. Cheti chetu kinahusu hali ya kifaa siku kilipopimwa tu, na hakimzuii mtu kuhoji kumbukumbu zenu mbele ya chombo kingine.

Kipokezi cha zamani kinachoonyesha tarehe ya miaka 19 na zaidi iliyopita hakina tatizo la sekunde. Hesabu yake ya wiki inaishia 1,023 na kuanza tena sifuri, kama ilivyotokea Aprili 2019 na kama itakavyotokea tena Novemba 2038. Hicho msituletee. Mtafuteni mtengenezaji awape programu mpya. Kama hana, hakuna ada ya ugezi itakayokirudisha kwenye mwaka huu.